Kumsifu Kyle Shanahan, Kero ya Atlanta

Shabiki wa Atlanta Falcons ana namba mbili asizopenda kusikia zikitajwa pamoja: 28 na 3. Tarehe 5 Februari 2017, mjini Houston, timu yake ilikuwa mbele kwa pointi hizo dhidi ya New England Patriots, na robo ya tatu ya Super Bowl ya 51, fainali ya mpira wa Kimarekani, ilikuwa imefika karibu katikati. Falcons ni klabu iliyoanza kucheza mwaka 1966 na haijawahi kutwaa kombe hilo. Usiku ule kombe lilikuwa kama limeshafika nyumbani. Mechi ikaisha 34 kwa 28, Patriots wakaondoka nalo. Katika historia ya fainali hiyo hakuna timu iliyowahi kupoteza uongozi mkubwa kama ule.

Msiba wa namna hiyo lazima utafutiwe mchawi. Mchawi aliyepatikana ni Kyle Shanahan, mratibu wa mashambulizi, na shtaka lake linajulikana hata kwa mtoto wa shule: alikuwa na pointi 25 za akiba, kilichobaki ni kukimbia na mpira taratibu na kuacha saa imalize kazi, lakini yeye akaendelea kurusha. Mkaidi, wakasema. Mwenye kiburi. Mtoto wa kocha aliyetaka kuonyesha ujuzi wake mbele ya dunia nzima.

Nataka kumsifu mtu huyu, na nataka kumsifu kwa jambo lile lile linalowakera. Sisemi kwamba alikuwa mzuri ila usiku ule akateleza. Ninachosema ni kwamba ukaidi uliowaudhi watu katika robo ya nne ndio uliowapa nyingi kati ya pointi 28 za kuzililia.

Kwa sisi tuliokulia kwenye mpira wa miguu, kazi ya mratibu inahitaji maelezo. Kocha wa Simba au wa Yanga hupanga kikosi, huchora mbinu ubaoni, na filimbi ikilia hubaki na sauti yake na wachezaji wachache wa akiba. Uamuzi wa kupiga au kutoa pasi ni wa mchezaji. Katika mchezo wa Wamarekani, mpira husimama kila baada ya sekunde chache. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, na kila jaribio ni mkupuo mmoja uliopangwa kabla: nani akimbie wapi, nani amzuie nani, mpira urushwe au ukimbizwe. Anayeuchagua mkupuo huo, katika timu nyingi, ni mratibu wa mashambulizi. Saa ya kati ya mkupuo na mkupuo ni sekunde 40. Ndani ya kofia ya kwotabeki, mchezaji anayerusha mpira, kuna redio, iliyoruhusiwa na ligi mwaka 1994, na redio hiyo hukatwa sekunde 15 zinapobaki. Kwa hiyo mratibu ana sekunde kama 25 za kujua yadi ngapi zimepatikana, nani ameumia na wapinzani wameingiza nani, kisha achague kwenye karatasi iliyojaa maandishi madogo na kumsomea kwotabeki wake maneno ambayo wewe na mimi tungedhani ni lugha ya siri. Hufanya hivyo zaidi ya mara 60 katika mechi ya kawaida, na kama mara 1,000 kwa msimu.

Sasa tazama alivyo uchi mbele ya lawama. Kila uamuzi wake unaonekana na watu wote, na kila uamuzi una mwenzake mmoja ambao haukuchaguliwa. Akirusha na mpira ukapotea, alipaswa kukimbia. Akikimbia na mkimbiaji akakwama, alipaswa kurusha. Mkupuo ambao haukuchezwa haujawahi kushindwa hata siku moja. Shabiki anayelinganisha mkupuo ulioshindwa na ule wa kichwani mwake analinganisha kitu kilichokutana na wachezaji 11, wengi wao wenye uzito wa kilo 100 na zaidi, na kitu ambacho hakijakutana na mtu yeyote.

Shanahan alifika Atlanta mwaka 2015. Alikuwa ameshakuwa mratibu wa Houston Texans akiwa na miaka 28. Baba yake, Mike, ndiye aliyeiongoza Denver Broncos kutwaa Super Bowl mbili mfululizo, na ya pili kati ya hizo, Januari 1999, aliichukua kwa kuwafunga Falcons hao hao 34 kwa 19. Kwa shabiki wa Atlanta mwenye kumbukumbu ndefu, jina lile lilikuwa na uchungu tangu zamani.

Msimu wa kwanza haukusaidia. Timu ilishinda mechi tano za mwanzo, kisha ikaporomoka hadi kumaliza na ushindi 8 na vipigo 8. Kwotabeki Matt Ryan, mtu aliyezoea kutamba, alirusha tachidauni 21, yaani mipira iliyovushwa mstari wa mwisho na kuleta pointi, na mipira 16 ikadakwa na wapinzani. Timu nzima ilifunga pointi 339. Palikuwa na kelele wakati ule pia, na hoja zake zilisikika kama za mtu mwenye akili: mfumo huu ni mgumu, haumfai Ryan, mrudishieni aliyoyazoea. Shanahan hakuwarudishia. Alishikilia mfumo wake, klabu ikamletea Alex Mack kushika katikati ya safu ya mbele na Mohamed Sanu kudaka, na mwaka 2016 Falcons hao hao wakafunga pointi 540, nyingi kuliko timu nyingine yoyote ya ligi. Ryan alirusha yadi 4,944 na tachidauni 38, mipira 7 tu ikadakwa, akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka. Shanahan naye akapewa tuzo ya kocha msaidizi bora wa mwaka.

Kilichofanya kazi ni hiki. Katika mfumo wa Shanahan, mkupuo wa kukimbia na mkupuo wa kurusha huanza kwa sura moja. Wachezaji wanasimama vile vile, safu ya mbele inapiga hatua ya kwanza upande ule ule, kwotabeki anamnyooshea mkimbiaji mpira vile vile. Nusu sekunde nzima beki wa upande wa pili hajui kama amfuate mkimbiaji au arudi nyuma amlinde mdakaji. Nusu sekunde hiyo ndiyo mali yote ya mfumo. Wakimbiaji Devonta Freeman na Tevin Coleman walipata njia kwa sababu mabeki waliogopa mpira wa juu, na mdakaji Julio Jones alipata nafasi kwa sababu mabeki waliogopa wakimbiaji. Kila mpira Ryan aliorusha msimu ule ulizaa wastani wa zaidi ya yadi 9, na hakuna kwotabeki mwenzake aliyemfikia.

Mwambie mtu mwenye mfumo huo kwamba sasa ameongoza, kwa hiyo akimbie tu. Umemnyang'anya nusu sekunde yake. Mabeki hawana tena la kujiuliza. Wanajazana mbele na kusubiri. "Kukimbia tu" kunasikika kama kuweka hela benki, na ndiyo maana hoja hiyo inapendwa. Lakini kukimbia mbele ya watu wanaojua unakimbia kuna hatari zake: yadi moja, yadi sifuri, yadi moja nyuma, kisha unaupiga mpira mbali na kumkabidhi Tom Brady, kwotabeki wa Patriots.

Na tusijifanye hatukuyaona haya yakifanyika kwa furaha. Tarehe 22 Januari 2017, wiki mbili kabla ya Houston, Falcons walicheza na Green Bay Packers katika fainali ya kanda, mechi ya mwisho kuchezwa katika uwanja wa Georgia Dome. Mapumziko walikuwa mbele 24 kwa 0. Kipindi cha pili kikaanza, na kwa hoja ya wanaomlaumu Shanahan, huo ulikuwa wakati wa kuanza kuua saa. Alirusha. Julio Jones akaudaka mpira, akawapangua mabeki na kukimbia hadi mwisho, yadi 73, ikawa 31 kwa 0. Mechi ikaisha 44 kwa 21. Uwanja ulitetemeka, na sijasikia shabiki yeyote wa Atlanta, tangu siku ile hadi leo, akiulalamikia mkupuo ule. Tabia waliyoishangilia Januari ndiyo waliyoipa jina la kiburi Februari.

Twende sasa Houston, kwenye mikupuo miwili anayolaumiwa kwayo, maana utetezi unaoikwepa haufai.

Wa kwanza ulikuja zikiwa zimebaki dakika nane na ushei. Falcons 28, Patriots 12. Watu husimulia kana kwamba Shanahan aliingia mkupuo huo akirusha bila kupumua. Sivyo. Mikupuo miwili iliyoutangulia aliwapa mpira wakimbiaji, na Coleman alipata yadi 8, kisha 1. Katika huo wa pili Coleman akaumia na kutolewa. Ikabaki yadi 1, jaribio la tatu, mpira kwenye yadi ya 36 ya Atlanta. Mack, nguzo ya katikati, alikuwa akicheza na mfupa wa mguu uliovunjika. Shanahan akachagua kurusha. Freeman, aliyeingia badala ya Coleman, hakumzuia Dont'a Hightower wa Patriots aliyekuja mbio kutoka ukingoni, Hightower akampiga Ryan kabla hajaachia, mpira ukadondoka, Patriots wakaukumbatia kwenye yadi ya 25. Kule mbele mdakaji Aldrick Robinson alikuwa akiwaacha mabeki nyuma. Kama Freeman angemgusa Hightower kwa bega moja, mkupuo huo leo ungekuwa kwenye mabango ya Atlanta na Shanahan angeitwa shujaa asiyeogopa.

Mtu atasema: hata wangekimbia wakakwama, wangeupiga mpira mbali wakiwa bado na pointi 16 za akiba. Hoja hii ina uzito, na siidharau. Ila angalia kilichokuwa kikitokea upande wa pili. Patriots walikuwa wamefunga katika mashambulizi yao mawili mfululizo, na wangefunga mara tatu zaidi kabla mechi haijaisha. Ulinzi wa Atlanta ulikuwa umechoka kabisa. Kumpelekea Brady mpira kwa hiari yako wakati ule ilikuwa kamari pia, ila kamari ambayo macho ya shabiki hayaioni, kwa sababu mtu akishindwa kwa woga haitwi mjinga.

Mkupuo wa pili ndio mgumu. Ikiwa 28 kwa 20, Falcons walianza tena kutoka yadi yao ya 10. Shanahan akaanza kwa kurusha: Freeman akaudaka na kusogea yadi 39. Baadaye Ryan akamrushia Jones pembeni kabisa mwa uwanja, naye akaushika mpira huku vidole vya miguu vikigusa nyasi kwa sentimita chache ndani ya mstari. Ni moja ya madako mazuri kabisa katika historia ya Super Bowl, na ni Shanahan aliyeuchagua mkupuo huo. Hao hao wanaodai kwamba hakupaswa kurusha hawasemi kwamba bila kurusha Falcons wasingefika pale.

Mpira sasa uko yadi ya 22 ya Patriots, zimebaki dakika nne na ushei. Jaribio la kwanza: alikimbiza, kama walivyotaka. Yadi moja nyuma. Jaribio la pili, yadi 11 za kutafuta: alirusha, na Trey Flowers wa Patriots akamwangusha Ryan yadi 12 nyuma. Jaribio la tatu: Sanu akadaka yadi 9, lakini mwenzao Jake Matthews alimshika mpinzani isivyo halali, yadi 10 zikarudishwa. Wakasukumwa nje ya eneo ambalo Matt Bryant angeweza kupiga teke la pointi 3. Na Bryant msimu ule alikuwa amepachika mateke 34 kati ya 37. Kutoka yadi ya 23, teke lingekuwa la yadi 40. Pointi 31 kwa 20, na pengine kombe.

Hapa wanaomlaumu wana haki. Mkupuo ule wa jaribio la pili haukupaswa kuwa wa kurusha, na Shanahan mwenyewe baadaye alisema hadharani kwamba anatamani asingeuchagua. Hakumsukumia Flowers, hakumsukumia Matthews, hakumsukumia kocha mkuu Dan Quinn, ambaye alikuwa na vifaa vya masikioni na mamlaka ya kusema hapana. Huyu ndiye mtu mnayemwita mwenye kiburi. Kati ya mikupuo yote ya msimu mzima, huu mmoja ninawapa. Uchukueni. Lakini msichukue na msimu wote pamoja nao.

Jambo linalonikera zaidi katika kesi hii ni jinsi mashahidi wengine walivyoachwa nyumbani. Patriots walicheza mikupuo 93 usiku ule, Falcons 46. Patriots walikaa na mpira dakika 40 na sekunde 31. Brady alirusha mara 62 na kupata yadi 466. Pointi 31 za mwisho za mechi zote ni zao. Mtu atajibu kwamba ulinzi ulichoka kwa sababu mashambulizi ya Shanahan yalifunga upesi mno na kuurudisha ulinzi uwanjani. Kweli, tachidauni za Falcons zilikuja kwa mikupuo michache. Lakini hata beki Robert Alford alidaka mpira wa Brady na kukimbia yadi 82 hadi mwisho, pointi zikaingia, na walinzi wale wale wakarudi uwanjani bila kupumzika. Kuna aliyemwambia Alford angelala chini na mpira ili wenzake wapate pumzi? Timu inafunga inapopata nafasi ya kufunga.

Kisha ikaja kura ya sarafu ya muda wa nyongeza, wa kwanza katika historia ya Super Bowl. Patriots wakaishinda, wakapewa mpira, wakatembea nao hadi mkimbiaji wao James White akafunga tachidauni. Kwa kanuni za wakati ule, tachidauni ya kwanza ilimaliza mechi. Ryan, mchezaji bora wa ligi, na mashambulizi yaliyoongoza ligi kwa pointi hawakuugusa mpira. Mwaka 2022 ligi iliibadilisha kanuni hiyo kwa mechi za mtoano, ili timu zote mbili zipate nafasi. Atlanta hawakuipata, na sarafu haijawahi kulaumiwa popote.

Shanahan si wa kwanza. Miaka miwili kabla, tarehe 1 Februari 2015, Seattle Seahawks walikuwa yadi 1 kutoka kwenye kombe, sekunde 26 zimebaki, na mratibu wao Darrell Bevell akabeba lawama ya mpira uliorushwa na kudakwa na Malcolm Butler wa Patriots, badala ya kumpa mkimbiaji Marshawn Lynch. Ilisahaulika kwamba walikuwa na muda mmoja tu wa kusimamisha saa, na kwamba mpira ukirushwa na kudondoka saa husimama yenyewe, kwa hiyo kurusha mara moja kungewaachia majaribio mawili zaidi. Msimu ule hakuna kwotabeki mwingine ambaye mpira wake ulidakwa na wapinzani kutoka yadi 1. Hesabu ilikuwa upande wa Bevell. Butler hakuwa upande wake.

Siku moja baada ya Houston, San Francisco 49ers walimtangaza Shanahan kuwa kocha wao mkuu. Tangu hapo amefika Super Bowl mara mbili, 2020 na 2024, na amepoteza zote mbili mbele ya Kansas City Chiefs baada ya kuongoza kwa pointi 10. Najua hilo linatumika kama ushahidi wa mwisho dhidi yake. Mimi nalisoma hivi: mtu mmoja amezifikisha timu mbili kwenye fainali tatu, wakati Falcons katika maisha yao yote wamefika mbili, na ya pili ni hii aliyowapeleka yeye.

Na Atlanta ilipata nini kwa kuondokewa na kero yake? Msimu wa 2017 kazi akapewa Steve Sarkisian, na Ryan, Jones, Freeman, Coleman, Mack na Sanu wote wakiwa palepale. Pointi 540 zikawa 353. Msimu huo uliishia Philadelphia, 15 kwa 10, mpira ukiwa yadi 2 kutoka kwenye mstari katika jaribio la mwisho; Ryan akamrushia Jones, hakuudaka. Lawama zikahamia kwa Sarkisian bila kupoteza siku. Mwaka uliofuata aliongeza pointi hadi 414, naye akafukuzwa. Akaletwa Dirk Koetter, aliyewahi kuikalia nafasi hiyo hiyo kabla ya Shanahan. Kuanzia msimu wa 2018 hadi wa 2024 Falcons hawakuingia kwenye mechi za mtoano hata mara moja.

Wenye kazi yao, wanaokaa usiku wakirudia picha za mechi mkupuo kwa mkupuo, waliusoma mwaka 2016 tofauti na mashabiki. Katika benchi lile la Atlanta, chini ya Shanahan, alikuwepo Matt LaFleur, ambaye Green Bay walimfanya kocha mkuu mwaka 2019, na Mike McDaniel, ambaye Miami walimchukua mwaka 2022. Na mwaka 2024 Falcons wenyewe walipotafuta kocha mkuu mpya, walimwajiri Raheem Morris, aliyekuwa akiwafundisha wadakaji wa timu ile ile iliyoongoza 28 kwa 3. Mratibu wa mashambulizi waliyemtafutia, Zac Robinson, alitoka Los Angeles kwa Sean McVay, kocha aliyefanya kazi chini ya Kyle Shanahan huko Washington na ambaye mfumo wake unaanza kwa hatua ile ile ya kwanza: safu ya mbele ikielekea upande mmoja, kwotabeki akimnyooshea mkimbiaji mpira, na beki akijiuliza.